Mtoto Mwenye Akili Nyingi Ni Amana ya Parokia Nzima

(Maneno ya katekista mbele ya waamini na wageni, siku ya pili ya Jubilei)





Padri Mkubwa aliniomba niseme kidogo juu ya shule, kwa maana katika parokia hii kanisa na shule vilizaliwa pamoja. Wengine wamekwisha kutueleza namna matofali ya kwanza yalivyochomwa na namna kengele ilivyoletwa. Mimi nimechagua jambo ambalo kwa kawaida halisemwi siku ya sikukuu. Nataka kusema juu ya watoto waliopewa akili kupita wenzao, wale wa primere na wale wa kilasi ya 7 na ya 8, na juu ya masomo ya nyongeza yanayowafaa.

Najua jibu la wengi. Wanasema: «Mwenye akili atajitafutia njia mwenyewe, tuwasaidie walio nyuma.» Neno hilo lina huruma ndani yake. Lakini mimi nimeishi miaka zaidi ya arobaini kando ya ziwa hili, nimewaona wenye akili wengi ambao hawakuipata njia hiyo. Ndiyo sababu ninasimama hapa.

I. MFANO ULIO KARIBU NASI

Wote mnaijua Mpala. Mwaka 1883 Emile Storms alijenga boma mahali pale, na mwaka 1885 boma hilo lilitiwa mikononi mwa Mapadri Weupe. Katika miaka hiyo alizaliwa katika nchi ya Marungu mtoto aliyeitwa Kaoze, ambaye katika ubatizo akapewa jina la Stefano. Alijifunza kusoma na kuandika pamoja na watoto wengine wa misioni. Kisha akafundishwa Kilatini, na baadaye filosofia na teolojia. Alipokuwa angali mwanafunzi, mwaka 1910, maandishi yake juu ya namna Wabantu wanavyofikiri na kuishi yalianza kuchapwa kwa Kifaransa. Mwaka 1917 alipewa daraja ya upadre, padri wa kwanza mzalendo katika Kongo ya Wabelgiji.

Tukumbuke hali ya siku zile. Hapakuwa na umeme wala barabara ya motokari, na vitabu vilihesabika kwa vidole. Hata hivyo walikuwapo watu wazima waliomtazama mtoto, wakatambua kwamba anaweza zaidi, wakampa saa zao bila kuhesabu. Mambo hayo mawili, kutambua na kutoa wakati, ndiyo mizizi ya yote nitakayoyasema.

Lakini tuseme ukweli wote. Njia ile ilikuwa nyembamba. Ilipokea wavulana tu, tena wachache, na kwa kazi moja tu. Mimi mwenyewe nilipita katika tawi lake la mwisho, maana nilisoma Seminari Ndogo mpaka vita vya mwaka 1998 viliponirudisha nyumbani. Ninaishukuru seminari kwa kila kitu ninachokijua. Walakini kila ninapoishukuru, namkumbuka mwenzangu mmoja.

II. YULE ALIYEBAKI PWANI

Katika kilasi ya 6 ya primere tulikuwa na binti mmoja, mtoto wa mvuvi. Katika hesabu hapakuwa na mvulana aliyemfikia. Mwalimu alipokuwa angali anaandika ubaoni, yeye alikuwa amekwisha kupata jibu, akitazama nje dirishani. Mara mbili alipigwa kwa sababu ya kutazama nje. Mwaka ulipokwisha, wavulana watatu tulitumwa kufanya mtihani wa seminari. Mimi nilikuwa wa tatu katika hesabu. Yeye alikuwa wa kwanza. Hakuna aliyefikiri kumtafutia mahali pengine, wala mwalimu, wala baba yake, wala mimi.

Leo mama huyo anauza ndakala sokoni. Amenipa ruhusa kuyasema haya, naye yuko pamoja nasi asubuhi hii. Wauzaji wote wanamjua: yeye ndiye anayeshika hesabu ya likelemba yao, watu wengi na siku nyingi, kichwani, bila kaye, na hajapoteza hata franga moja. Nilipomuuliza siku moja kama alihuzunika wakati ule, alinijibu: «Sikuhuzunika. Nilidhani masomo yamekwisha kwa watu wote.»

Ndugu zangu, biashara ya samaki ni kazi ya heshima, nayo imelea watoto wengi wa parokia hii. Lakini tujiulize: ni mwalimu gani wa hesabu, ni mganga gani, ni fundi gani wa madaraja aliyepotea pale dirishani? Na tumewapoteza wangapi wa namna hiyo katika miaka yote ya parokia yetu?

III. KOSA LETU LA KWANZA

Miaka michache iliyopita, mimi na mwalimu mmoja tulianza kuwakusanya watoto wenye akili siku ya Jumamosi. Nia ilikuwa njema, lakini tulikosea mara mbili. Ninayasema makosa yetu ili wageni wetu wasiyarudie kwao.

Kosa la kwanza lilikuwa katika kuchagua. Tuliyachukua majina ya wenye pointi nyingi za mtihani, basi. Wakaja karibu wote watoto wa walimu, wa waandishi wa ofisi na wa wenye maduka. Wasichana walikuwa wawili tu. Hatukustaajabu. Mtoto anayesoma usiku chini ya taa, mwenye mzazi anayesema Kifaransa, hupata pointi kuliko yule anayevuta nyavu kabla ya mapambazuko. Baadaye tulisikia habari za mvulana mmoja, mwenye pointi za kumvusha tu, ambaye alikuwa amefungua redio mbovu tatu na kutengeneza moja inayosema. Huyo hatukumwita.

Kosa la pili lilikuwa katika kufundisha. Kilasi ilifanya hesabu ishirini. Sisi tukawapa arobaini za namna ileile. Kabla ya Pasaka nusu ya watoto walikuwa wamekwisha kutoroka, nao walikuwa na haki. Mtu aliyeshiba ugali, ukimwongezea ugali mwingine humfurahishi.

IV. WENGINE WALIJIFUNZA NINI

Baada ya kushindwa nilianza kusoma na kuuliza. Nikakuta kwamba hata watu wenye mali na vyuo vikuu wamejikwaa penye jiwe hilohilo. Nitataja watu watatu wa Marekani, ambako jambo hili limechunguzwa tangu zamani.

Wa kwanza ni Profesa Lewis Terman wa chuo kikuu cha Stanford. Tangu mwaka 1921 alikusanya watoto zaidi ya 1,500 waliopata alama za juu sana katika vipimo vya akili, akafuata maisha yao miaka mingi. Wengi wao walifaulu vizuri maishani. Lakini kati ya watoto waliopimwa na kukataliwa kwa kukosa alama za kutosha, walikuwamo William Shockley na Luis Alvarez. Wote wawili walikuja kupata Tuzo la Nobel la fizikia, Shockley mwaka 1956 na Alvarez mwaka 1968. Katika wale waliochaguliwa hakuna hata mmoja aliyelipata. Kipimo kimoja, hata kikitengenezwa na mwenye elimu, ni wavu wenye matundu.

Wa pili ni Profesa Julian Stanley wa chuo kikuu cha Johns Hopkins, mjini Baltimore. Tangu mwaka 1971 alichunguza watoto wanaojua sana hesabu. Aliona kwamba mtihani wa kilasi hautoshi kuwatambua, kwa kuwa wote wenye akili hupata alama zote, wala hujui nani amefika wapi. Kwa hiyo akawapa watoto wa miaka kumi na miwili au kumi na mitatu mtihani uliotungwa kwa vijana wanaotaka kuingia chuo kikuu. Hapo tofauti ikaonekana wazi. Sisi watu wa ziwa tunaelewa upesi. Ukipima maji kwa mti wa mita mbili, karibu na pwani utasema mita mbili, na katikati utasema pia mita mbili. Kumbe pale penye kina kirefu Tanganyika ina mita 1,470. Mti ndio mfupi, wala maji hayalingani.

Wa tatu ni Profesa Joseph Renzulli wa chuo kikuu cha Connecticut. Yeye ndiye aliyenifaa kuliko wote. Mwaka 1978 aliandika kwamba kipaji ni mafiga matatu yanayokutana: akili iliyo juu ya kawaida, uwezo wa kubuni mambo mapya, na moyo wa kushikamana na kazi mpaka mwisho. Figa moja likikosekana, chungu kinaanguka. Tena, kabla ya hapo, mwaka 1977, alikuwa ameeleza ngazi tatu za masomo ya nyongeza. Katika ngazi ya kwanza mtoto anaonyeshwa mambo mengi yasiyo katika programu ya kilasi, ili moyo wake uamke. Katika ngazi ya pili anafundishwa namna ya kutafuta: kuuliza, kupima, kuandika, kulinganisha, kusema mbele ya watu. Katika ngazi ya tatu anachukua swali la kweli, ambalo jibu lake halimo katika kitabu cha mwalimu, akalitafutia jibu kwa ajili ya watu wanaolihitaji. Ngazi mbili za kwanza zinawafaa watoto wote. Ya tatu ni ya yule aliye tayari kwa kazi fulani, kwa wakati fulani. Tena yeye hachagui wawili au watatu tu. Kwa kazi hiyo huangalia watoto kumi na watano hata ishirini katika kila mia.

Niliposoma hayo nilielewa kosa letu. Tulikuwa tumefunga mlango kwanza, halafu tukatafuta walio nje.

V. JUMAMOSI ZETU SASA

Kwa hiyo tuligeuza mambo. Siku hizi, Jumamosi ya kwanza ya mwezi ni ya watoto wote kuanzia kilasi ya 4 mpaka ya 8. Tunamwalika mtu mmoja mwenye ujuzi: fundi seremala, sista wa maabara ya hospitali, mzee wa mitumbwi, mpiga picha. Hawatoi hotuba, wanaonyesha kazi yao na kuulizwa. Sisi walimu tunakaa pembeni tukisikiliza maswali. Anayerudi wiki ijayo na swali jipya ambalo hakutumwa kulileta, huyo tunamwandika. Hatutazami pointi zake, wala viatu vyake, wala jina la baba yake. Tena tunauliza nyumbani na sokoni: «Mtoto gani anawachosha kwa maswali?» Wakina mama wametupa majina ambayo shule haikuyajua.

Jumamosi nyingine ni za ngazi ya pili na ya tatu. Niwaelezee kazi moja tu.

Mnakumbuka namna maji ya ziwa yalivyopanda mwaka 2021, na tena mwaka 2024, yakaingia katika nyumba za watu Kalemie, Uvira na Bujumbura. Watoto waliuliza kama mtu angaliweza kujua mapema. Tukawaambia: tafuteni. Wakachora alama za sentimeta juu ya mti mgumu, wakausimamisha mahali penye maji matulivu, na kila Jumamosi wanasoma alama na kuandika katika kaye. Walitambua wenyewe kwamba maji yanashuka wakati wa kiangazi na kupanda baada ya mvua. Kisha msichana mmoja wa kilasi ya 5 akauliza swali hili: «Mito mingi inaingia ziwani, na unaotoka ni Lukuga peke yake. Maji mengine yanakwenda wapi?»

Nawaungamia kwamba mimi, niliyesoma Kilatini, sikuweza kumjibu. Nilimwambia: «Sijui, tutafute pamoja.» Tulitafuta muda wa wiki mbili. Jibu ni kwamba sehemu kubwa ya maji yanayopotea haitoki kwa mto. Jua na upepo huyapandisha hewani. Tuliweka mabakuli mawili yenye maji sawa, moja juani na moja kivulini, msichana akapima tofauti kwa siku saba. Mbele ya wavuvi kumi na wawili alieleza aliyoyaona, bila kutetemeka. Mzee mmoja wa wavuvi alimwambia kwamba amekaa juu ya maji hayo tangu utoto wake na hakuwahi kujiuliza.

Kazi nyingine ni za namna hiyo. Kikundi kimoja kinakusanya kwa wazee maneno ya Kitabwa ya majina ya miti na dawa, kabla wazee hao hawajaenda. Kingine kinauliza kwa nini wavuvi wa taa hupumzika mwezi unapokuwa mpevu, nacho kinaandika mavuno ya kila usiku. Kwa kazi hizo hatukununua mashine yoyote. Tumenunua makaye, biki, kamba, na kamusi moja ya Kifaransa ambayo imekwisha kupasuka mgongo.

Na yule mama muuza ndakala? Yeye huja Jumamosi ya pili kuwafundisha kuhesabu kichwani. Watoto wanamwogopa kidogo na kumpenda sana.

VI. MANENO YA WANAOPINGA

Nimesikia maneno matatu, nayo yanastahili jibu.

Wengine wanasema: «Ni upendeleo.» Tangu Septemba 2019 primere hailipiwi katika shule za serikali na katika zile za Kanisa zinazosimamiwa pamoja na serikali. Ni jambo jema, lakini vilasi vimejaa. Mwalimu mwenye watoto wengi namna ile hufundisha walio katikati; aliye nyuma anazama, na aliye mbele analala. Kumsaidia mmoja si kumwibia mwingine. Tena mlango wa Jumamosi ya kwanza uko wazi kwa wote, na anayepata kitu katika ngazi ya tatu analazimika kukieleza kilasi yake nzima. Mwenye talanta tano katika Injili hakusifiwa kwa kuzipokea. Alisifiwa kwa kazi aliyozifanyia.

Wengine wanasema: «Mtawatia kiburi.» Hatari hiyo ni ya kweli. Lakini kiburi huota kwa mtoto anayepata kumi juu ya kumi kila siku bila kutoka jasho. Yule anayepewa kazi inayomshinda mara mbili kabla ya kumkubali hujifunza unyenyekevu upesi kuliko mahubiri yangu.

Wengine, hasa akina baba, wananiambia: «Wavusheni kilasi, wamalize upesi.» Kuruka kilasi kumefaa watoto wengi, ikiwa wametayarishwa vizuri na wenyewe wanataka. Lakini kunahitaji macho ya mwalimu. Nilimjua mvulana wa miaka minane aliyerushwa vilasi viwili kwa mara moja, kwa sababu baba yake alitaka kumsifu mbele ya majirani. Hesabu aliziweza, ila hakuwa na mwenzake wa kucheza naye, wala mkono wake haukuweza kuandika upesi kama wakubwa. Mwaka uliofuata alikataa kwenda shule. Tusimkimbize mtoto kwa ajili ya sifa yetu.

VII. MAOMBI YANGU

Ninamalizia. Wote mnajua ile depo ya zamani nyuma ya kanisa. Baraza la parokia litakutana baada ya Jubilei, nalo lina mashauri mawili mezani. La kwanza ni kuipangisha kwa mfanyabiashara wa sementi. La pili ni kuwapa watoto wa Jumamosi, ambao sasa wanakaa chini ya mwembe, na mvua ikinyesha wanarudi nyumbani. Sitaki kudanganya: paa la kanisa linavuja, na pesa ya sementi ingesaidia. Mimi mwenyewe ninakaa chini ya tundu mojawapo kila Dominika. Hata hivyo ninaliomba baraza litupe depo hiyo kwa miaka mitatu. Baada ya miaka mitatu mje mtazame makaye yetu. Mkiona kwamba hatukufanya kitu, mtieni mwenye sementi ndani, nami nitamsaidia kubeba mifuko.

Kwenu mapadri wageni, ninaomba msitafute kwanza pesa wala jengo. Tafuteni watu wawili wenye subira, na swali moja la kweli kutoka kijijini kwenu.

Kwenu walimu, mtoto anayetazama nje dirishani, kabla ya kumpiga, mwulizeni anafikiri nini.

Kwenu wazazi, binti akiuliza swali usiku mkiwa mmechoka, msimwambie kwamba maswali ni ya wavulana. Na mwaka wa primere unapokwisha, msimwache adhani kwamba masomo yamekwisha kwa watu wote.

Na ninyi watoto, Jumamosi ijayo, saa mbili asubuhi, chini ya mwembe. Mti wa kupimia maji unangoja kusomwa, na wiki hii ni zamu ya kilasi ya 7.